Majuto Yasiyo Mjukuu: Maoni ya Mchezaji wa Riwaya-Picha za Kijapani

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Methali hii imefunzwa madarasani tangu shule ya msingi, imeandikiwa insha zisizohesabika, na ni wachache waliodiriki kuitilia shaka. Hata hivyo, yupo mchezaji mmoja, mwanafunzi wa zamani wa fasihi, ambaye kwa muda mrefu aliamini kwamba kuna mahali ambapo methali hiyo haina nguvu. Mahali penyewe ni ndani ya aina ya kazi iliyochipuka nchini Japani, ambayo Wajapani huiita kwa jina walilolikopa kutoka Kiingereza na ambayo hapa itaitwa riwaya-picha. Humo majuto hayangoji kuwa mjukuu. Msomaji huchagua vibaya, mhusika hufa, na kabla damu haijakauka kwenye kioo cha tarakilishi, msomaji huyo amekwisha kurudi nyuma na kuchagua upya.

Yafaa ielezwe kwanza riwaya-picha ni kitu gani, maana wengi waliosikia habari zake wamezisikia kwa watu wasiozisoma. Kwa umbo, ni maandishi yanayojitokeza sentensi baada ya sentensi juu ya mchoro wa mandhari: darasa, kituo cha garimoshi, kijiji chenye mashamba ya mpunga. Wahusika huchorwa wamesimama mbele ya mandhari hayo, nyuso zao zikibadilika kwa furaha au hasira. Muziki hupigwa, na aghalabu sauti za waigizaji husikika. Msomaji hubofya, na sentensi nyingine huja. Hapana kukimbia, hapana kupiga risasi, hapana alama za ushindi. Baada ya muda, pengine saa nzima, maandishi husimama na kumwuliza afanye nini. Apande juu ya paa la shule au abaki darasani? Aseme kweli au anyamaze? Jibu lake huielekeza hadithi kwenye njia moja na kuziacha nyingine. Kazi moja huweza kuwa na njia tano au zaidi, kila moja na mwisho wake, na zile ndefu humchukua msomaji makumi ya saa kuzimaliza.

Alipokuwa chuoni, mchezaji huyu alibishana mno na wenzake kuhusu iwapo kitu hiki ni riwaya au ni mchezo. Wenzake walishikilia kwamba panapokosekana ushindani hapana mchezo, na panapokosekana kitabu hapana riwaya. Yeye aliwajibu kwa istilahi walizokuwa wamezisoma pamoja. Fanani anapotamba ngano, alisema, hadhira yake haiketi kama magogo. Huitikia, huimba kiitikio, huuliza maswali, na pengine humlazimisha mtambaji arefushe mahali na kufupisha pengine. Riwaya andishi iliiondolea hadhira haki hiyo, na riwaya-picha ikairudisha. Hoja hii ilimpendeza sana wakati ule. Leo anaiona kuwa ilikuwa na ufa, kwa sababu fanani wa kweli hutazama nyuso zilizo mbele yake, ilhali tarakilishi haimtazami mtu. Majibu yote yamekwisha kuandikwa kabla msomaji hajaketi. Anachopewa msomaji si haki ya kuibadilisha hadithi bali haki ya kulaumiwa kwa jinsi ilivyokwenda, na haki hizi mbili hazilingani.

Historia ya kazi hizi si ndefu. Mnamo mwaka 1983 kampuni ya Enix ilitoa Portopia Renzoku Satsujin Jiken, kisa cha upelelezi wa mauaji mjini Kobe, kilichobuniwa na Yuji Horii. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ilitoa Otogirisō na kuiita riwaya ya sauti. Jina linalotumika leo lilienezwa na kampuni ya Leaf iliyolitumia kwa mfululizo wa kazi zake kuanzia mwaka 1996. Hayo yatosha kwa tarehe, kwani kazi inayostahili kukawiwa ni ile ya mwaka 1994, Kamaitachi no Yoru, iliyotungwa na mwandishi wa riwaya za upelelezi, Takemaru Abiko.

Katika kazi hiyo kijana na msichana wanafikia nyumba ya wageni milimani wakati wa theluji. Dhoruba inawafungia ndani pamoja na wageni wengine, na maiti iliyokatwakatwa inaonekana chumbani. Jambo la kwanza linalomvutia mchezaji ni kwamba wahusika hawana nyuso. Wote wamechorwa kama vivuli vya rangi ya samawati, hivi kwamba muuaji na anayeuawa wanafanana, na kila msomaji huwavisha nyuso anazozijua mwenyewe. Jambo la pili ni namna hatia inavyogawanywa. Msomaji asipomtambua muuaji mapema, wageni wanaendelea kuuawa mmoja baada ya mwingine. Wakati unapofika wa kumtaja muuaji hapewi orodha ya majina achague, bali anatakiwa aliandike jina mwenyewe, herufi kwa herufi. Mtu anaweza kuchagua kwa kubahatisha, lakini hawezi kuandika jina la mtu kwa kubahatisha. Kidole kikiwa juu ya herufi ya kwanza, mchezaji husema, ndipo mtu hujua iwapo alikuwa akisoma au alikuwa akipitisha macho tu.

Aliisoma kazi hiyo kwenye rununu, katika tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 2014, na haikumchukua muda kugundua kwamba alikuwa amepunjwa. Watafsiri walikuwa wameihamisha nyumba ile kutoka milima ya Japani hadi Kanada, wakabadilisha na majina ya watu. Yamkini walidhani msomaji wa Kiingereza hangeweza kuogopa theluji ya Kijapani. Mchezaji ambaye hajaona theluji ya Japani wala ya Kanada aliuliza swali ambalo hakulipatia jibu: ni nani hasa aliyekuwa akihurumiwa?

Kutokana na kero hiyo alianza mazoea ya kutafsiri kimoyomoyo kwa Kiswahili kila alichosoma, akijifunza Kijapani kidogo kidogo ili aone kilichokuwa nyuma ya Kiingereza. Yapo aliyoyapata huko ambayo wanaisimu wa Kiswahili watayafurahia. Kitenzi cha Kijapani hakibebi nafsi. Mwandishi anaweza kuandika kitendo bila kuonyesha kama mtendaji ni mimi, wewe au yeye, na waandishi wa visa vya mauaji huutumia uwazi huo kwa ujanja mwingi. Kiswahili hakiwezi kufanya hivyo, maana kiambishi nafsi lazima kikae mahali pake. Lakini mahali ambapo Kiingereza hulazimika kufichua kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke, kiambishi chetu cha a- hunyamaza. Kisa kinachoficha jinsia ya muuaji hadi sura ya mwisho kingeingia katika Kiswahili bila mkwaruzo, ilhali katika Kiingereza kingevuja siri kwenye ukurasa wa pili. Upande wa hasara ni kwamba Kijapani kina namna nyingi za kusema mimi. Mvulana mkali husema ore, mpole husema boku, na watashi hutumika kwa heshima, na mhusika anapoacha moja na kushika nyingine msomaji hutambua kwamba moyo wake umegeuka. Kiswahili kina mimi mmoja tu. Kuhusu majina ya heshima, Kiswahili ndicho chenye nafuu. Wanafunzi wa Kijapani humwita mwalimu wao kwa cheo chake bila kutaja jina, kama inavyofanyika hapa, na msichana anayemwita kijana wa jirani kaka hamshangazi Mswahili hata kidogo. Mfasiri wa Kiingereza hutoa jasho kwa neno hilo.

Ikumbukwe kwamba kwa miaka mingi kazi hizi zilisomwa nje ya Japani kwa hisani ya watu waliozitafsiri bila malipo. Fate/stay night, ambayo ilitungwa na Kinoko Nasu na kutolewa na Type-Moon mwaka 2004, ilipata tafsiri ya Kiingereza ya wapenzi wake iliyokamilika mwaka 2008. Tafsiri rasmi haikutoka hadi 2024. Mchezaji alikuwa ameimaliza zamani, njia zake zote tatu, tena kwa mpangilio uliolazimishwa na mwandishi, kwa kuwa njia ya pili haifunguki kabla ya kumalizwa ya kwanza. Katika njia ya tatu, kijana aliyeapa kuwaokoa watu wote anatakiwa achague kati ya kiapo hicho na msichana mmoja ambaye uhai wake unahatarisha mji mzima. Mchezaji alichagua kiapo. Kazi ilimpa kurasa chache za ukimya wa kutisha, kisha ikafunga njia, kana kwamba haikuwa na la kumwambia mtu wa namna hiyo. Alirudi nyuma, akachagua msichana, na hadithi ikaendelea kwa saa nyingi. Jambo hilo lilimtia mashaka aliyoyabeba kwa miaka. Ikiwa mwandishi amekwisha kuamua jibu sahihi ni lipi, swali la nini? Na ikiwa msomaji anaweza kufuta jibu lake kwa kubofya mara mbili, je, alijibu?

Si kwamba anazipenda kazi hizi kwa upofu. Nyingi ziliuzwa kwanza kwa watu wazima tu, zikiwa na kurasa za ngono zilizobandikwa katikati ya hadithi kama mhuri wa soko. Fate yenyewe ilikuwa nazo, na zilipoondolewa katika toleo la PlayStation 2 la mwaka 2007 hadithi haikupungukiwa na kitu. Hilo ni ushahidi tosha kwamba hazikuwa sehemu ya mwili wake. Kuna na kasoro ambayo anaiona kuwa kubwa zaidi, nayo ni msichana mgonjwa. Waandishi walipogundua kwamba machozi huuza, waliwajaza wasichana wao maradhi yasiyo na majina, wakawatunza kurasa elfu kwa mizaha na tabasamu kama mfugaji anavyonenepesha mbuzi wa sikukuu, huku msomaji akijua siku ya kisu inakuja. Mchezaji alilia mara mbili kwa mbinu hiyo, na mara zote mbili alijionea haya baadaye.

Clannad, kazi ya Key ya mwaka 2004, aliiweka katika kundi hilo hilo. Kijana mmoja anayeuchukia mji wake na asiyesemezana na baba yake anaoa, anapata kazi ya mikono, anaanza kuwa mtu. Mkewe anafariki akijifungua, na miaka michache baadaye binti yao naye anafariki. Kazi ingeishia hapo ingekuwa msiba kamili. Lakini msomaji aliyezipita njia za wahusika wengine na kuwasaidia katika shida zao hukusanya vimulimuli vya nuru, na akivitimiza vyote kifo cha mke kinatenguliwa, na mama huonekana akimwosha mtoto wake. Mchezaji aliuita mwisho huo ulaghai. Alipenda kusema kwamba mwandishi aliyeogopa kifo chake mwenyewe alichokiandika hakupaswa kukiandika. Alikuwa amebakiza njia chache kuukamilisha mwisho huo kwa mkono wake, lakini kwa kuwa alikuwa ameusoma katika maelezo ya wengine, akaacha.

Kazi alizoziheshimu zaidi, kwa hiyo, zilikuwa zile zisizotoa chaguo lolote. Higurashi no Naku Koro ni ilianza kuuzwa mwaka 2002 katika maonyesho ya machapisho ya wapenzi mjini Tokyo na kundi dogo linaloongozwa na mwandishi anayejiita Ryukishi07. Michoro yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba vidole vya wahusika vinachekesha, nacho kisa chake, cha kijiji kimoja cha milimani mnamo Juni 1983, kinatisha kwelikweli. Msomaji hubofya tu. Sehemu nne zinauliza na nne zinajibu, nazo zilitoka polepole hadi mwaka 2006, na katika miezi ya kungoja wasomaji walibishana nani muuaji na kama yupo. Hapo, kwa maoni ya mchezaji, ndipo hadhira ilipopewa kazi inayostahili hadhira. Haikuulizwa ifanye nini. Iliulizwa imeelewa nini.

Na ipo Narcissu, kazi fupi ya Tomo Kataoka, iliyotolewa bure mwaka 2005. Ilimfikia mchezaji chuoni kwa mkono wa rafiki, na aliisoma usiku mmoja kwa sababu ilikuwa nyepesi na tarakilishi yake ilikuwa kuukuu. Michoro yake ni michache mno, nayo imebanwa katika ukanda mwembamba, sehemu kubwa ya kioo ikiwa nyeusi. Kijana wa takriban miaka ishirini anahamishiwa ghorofa ya saba ya hospitali, mahali wanapolazwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Huko anakutana na Setsumi, mwenye miaka ishirini na miwili, ambaye amekuwa mgonjwa tangu utotoni. Kwa wagonjwa wa ghorofa hiyo kuna mahali pawili pa kufia, pale au nyumbani, na Setsumi hapataki popote kati ya hapo. Wanatoroka kwa gari na kuelekea magharibi, hadi kisiwa cha Awaji ambako maua ya narisisi huchanua kando ya bahari. Fedha zinapungua, wanaibaiba vitu, wanazungumza kuhusu magari na ramani. Setsumi hafiki mwisho wa kisa. Msomaji haulizwi lolote njiani. Mchezaji alipoifunga usiku ule alisema ni kazi nzuri yenye kasoro moja: angependa angalau mara moja apewe nafasi ya kumzuia.

Mwaka 2016 baba yake aligunduliwa kuwa na saratani ya umio. Ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Kufikia mwezi wa tatu wa matibabu mzee alikuwa hamezi chochote ila maji, tena kwa shida, na daktari aliwaita jamaa kwenye ushoroba wa wodi akawaeleza kwa upole kwamba yapo mambo mawili. Angeweza kuwekewa mrija wa kulishia tumboni na kuendelea kulazwa, au wangeweza kumpeleka nyumbani. Hakusema lipi lingempa siku nyingi zaidi, au pengine alisema na hakuna aliyesikia. Mama alitazama sakafu. Baba mdogo alimgeukia mchezaji.

"Wewe ndiwe mkubwa," alisema. "Sema tufanye lipi."

Mchezaji amewahi kueleza, akijicheka, kwamba kitu cha kwanza kilichomjia ni kidole gumba kikitafuta mahali pa kuhifadhi. Kwa miaka kumi alikuwa amejizoeza jambo moja: swali likija, usijibu kabla hujaweka alama ya kurudia. Alisimama pale ushorobani akitafuta alama hiyo. Alijiona akichagua mrija na kuziona siku zitakazofuata hadi mwisho, kisha akirudi na kuchagua nyumbani, kisha akilinganisha. Baba mdogo alikohoa. Muuguzi alipita na kigari cha dawa.

Ndipo alipomkumbuka Setsumi, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini kazi ile haikumpa chaguo. Halikuwa lake. Msomaji alikuwa amekaa ndani ya gari lile siku zote akidhani amenyimwa haki, kumbe haki hiyo ilikuwa na mwenyewe, aliyeketi kiti cha kando akiwa na ramani mapajani. Na katika ushoroba ule watu wanne walikuwa wakishauriana kuhusu mtu wa tano aliyekuwa macho, mwenye akili timamu, hatua kumi na mbili kutoka hapo, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Aliingia wodini akaketi ukingoni mwa kitanda. Alimweleza baba yake yote mawili kama daktari alivyoyaeleza, bila kuongeza wala kupunguza. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi.

"Mahindi yamefika wapi?" aliuliza.

"Yanabeba, Baba."

"Basi nipelekeni nikayaone."

Walimpeleka siku ya pili yake. Kitanda kiliwekwa karibu na dirisha linalotazama shamba, na aliishi siku kumi na tisa. Baba mdogo alisema baadaye, mbele ya watu, kwamba mrija ungempa mwezi au miwili, na kwamba mkubwa wa nyumba ndiye anayepaswa kuamua, si mgonjwa. Mchezaji hakubishana naye. Inawezekana kwamba maneno hayo yalikuwa kweli. Njia ile nyingine haikufunguliwa, na hapana ajuaye kilichoandikwa ndani yake. Zipo nyakati, hasa usiku, ambapo humrudia baba mdogo kichwani na kutaka kumjibu, asipate la kusema.

Tangu wakati huo maoni yake kuhusu kazi hizi yamebadilika mahali pamoja. Haulizi tena kama msomaji aliyefuta jibu lake alijibu. Bado anaamini kuwa kurasa za ngono ni mhuri wa soko, na bado anamkasirikia mfugaji wa mbuzi. Lakini hauiti tena mwisho wa Clannad ulaghai. Baada ya matanga aliifungua ile tarakilishi kuukuu na kuikuta alama yake ya zamani mahali pale pale alipoiacha, tarehe ikionekana, vimulimuli vichache vikiwa bado havijakusanywa. Kazi ya jioni mbili au tatu ingetosha. Alikaa mbele yake hadi kioo kilipojizima chenyewe. Hajaimaliza hadi leo, wala hajaifuta.